Mchoraji wa Mita Tatu za Chini

Ukipita Mchafukoge ukielekea Kariakoo, ukakuta ghorofa ambalo chini yake pana kivuli cha kutosha watu wawili kusimama wakaongea bila kugongwa na mkokoteni, basi huenda alilichora yeye. Jina lake hutalikuta popote. Kwenye ubao wa mradi huandikwa jina la msanifu, la mkandarasi, la mwekezaji, hata la kampuni ya ulinzi. Yeye alikuwa mchoraji wa ofisi, mtu wa kukaa nyuma ya meza, na mihuri ilikuwa ya wengine. Ofisini tulimwita Mchoraji, mtaani wakamwita Mzee Mchoraji, na mimi hapa nitamwita hivyohivyo, kwa sababu sidhani kama angependa nimtaje.

Nilifanya naye kazi miaka minne. Ndiyo kwanza nilikuwa nimemaliza chuo, binti wa Kilimanjaro mwenye haraka zake, najua kompyuta, nikidhani kujua kompyuta ndiyo kujua kazi. Niseme mapema tusizungushane: mtu huyu alinifundisha karibu kila ninachokijua, nami nikamkosea mara moja, vibaya, kwenye mchoro wake mwenyewe, halafu nikanyamaza. Nilinyamaza miaka tisa. Kwa hiyo ukiniona mahali namsifu kupita kiasi, jua kuna kitu kinanisuta.

Ofisi yetu ilikuwa ghorofa ya pili, juu ya duka la vitambaa vya jumla. Chumba kimoja kirefu, feni mbili, na moja kati ya hizo ilikuwa ya kuangalia tu. Sisi vijana tulikuwa na kompyuta. Yeye alikuwa na meza ya mbao iliyoinama karibu na dirisha, zile karatasi ngumu zinazopitisha mwanga, kalamu za wino, na wembe. Wembe ulikuwa wa kufutia. Wino hausuguliwi kwa raba; unaukwangua polepole mpaka mstari utoke na karatasi ibaki nzima. Aliingia saa moja kamili asubuhi, shati limenyooka kwa pasi, akaweka kofia juu ya kabati, akachonga penseli tatu. Ukimwamkia alijibu marahaba bila kuinua macho, na mazungumzo ya asubuhi yalikuwa yameishia hapo.

Vyumba vya juu alituachia sisi. Alisema chumba cha kulala ni chumba cha kulala, weka kitanda, weka dirisha, mtoto wa darasa la saba anaweza. Lifti, matangi ya maji, jenereta, yote hayo aliyaona ni kazi za watu wengine. Yeye alichora mita tatu za chini tu, pale jengo linapokutana na mtaa. Ngazi ya kwanza iwe ya juu kiasi gani. Mlango wa wakazi ukae wapi ili usimezwe na maduka. Maji ya viyoyozi yadondokee wapi yasimlowanishe mpita njia. Mwekezaji akija na hamu ya kuona juu kutakuwaje, Mchoraji alimwambia kwamba huku juu utakaa wewe na familia yako, pale chini tutapita sote, na akaendelea kuchora. Wengine walicheka. Mmoja alikasirika akataka apewe mchoraji mwingine.

Alikuwa na namna yake ya kuanza kazi ambayo ilimtia bosi wetu kichaa. Kabla ya kuchora mstari hata mmoja alikwenda kwenye ploti na kigoda chake, akakaa ng'ambo ya barabara siku nzima. Siku ya pili vilevile. Siku ya tatu vilevile. Hakupiga picha wala hakuandika chochote. Alikuwa anaangalia muuza kahawa anasimama wapi saa nne na anahamia wapi saa nane jua likigeuka. Anaangalia wapagazi wanapumzikia ukuta gani. Alitaka kujua wanawake wanaotoka sokoni na mizigo wanabadilishia mkono wapi. Bosi alisema ofisi hailipwi kwa kukaa kwenye kigoda. Mchoraji akajibu kwamba yeye hakukaa, alikuwa anapima. Akishamaliza kupima hivyo, siku ya nne aliingia ofisini na kuichora sakafu ya chini yote kwa asubuhi moja, mkono hautetemeki.

Nilipoanza kazi alinichukua siku moja twende naye. Nilidhani atanionyesha utaalamu. Alinipa kigoda kingine akaninyamazia kwa muda wa saa tatu. Nilichoka, nikatoa simu. Akaniambia, bila kunitazama, kwamba kama nataka kuangalia simu nirudi ofisini kwenye feni. Nikairudisha simu kwenye mkoba. Baadaye akaniuliza nimeona nini. Nikasema nimeona watu wengi. Akasema vizuri, kesho tutarudi uone na wanachofanya.

Kilichowachekesha watu zaidi ni kipimo cha goti. Karibu kila jengo alilochora liliwekewa kibaraza mbele, kiti cha zege kilichoungana na ukuta, kama vile vya nyumba za zamani za Kariakoo, na kimo cha kibaraza hakukitoa kwenye kitabu. Alipanga tofali pale kwenye ploti, akasimama kando yake na futi mkononi, akawaomba watu wazima wanaopita, hasa akina mama, wakae kidogo. Aliwauliza kama nyayo zinagusa chini zote, na kama wanaweza kuinuka bila kushika kitu. Akatoa tofali, akaongeza kipande cha ubao, akaomba tena. Hebu fikiria Kariakoo saa tano asubuhi, mzee mwenye kofia anakuomba ukae kwenye tofali. Wengi walimdhania tapeli, wakashika pochi zao. Mama mmoja muuza vitumbua alikaa, akasema hapa ndipo, akatua beseni lake, na hakuondoka tena. Aliuza pale wiki mbili, mpaka greda lilipokuja. Mchoraji alikuwa anapita kila siku kuangalia kama mgongo unamuuma.

Sasa usije ukadhani alikuwa mzee mpole wa kugawa busara. La hasha. Alikuwa na kiburi, na akinuna ananuna wiki nzima. Kuna mwekezaji alitaka jengo lake livae kioo cha bluu kutoka chini hadi juu, kama alivyoona Dubai. Bosi alikubali, sisi tukakubali, nani amkatalie mwenye ploti. Mchoraji akavaa kofia akamwomba yule bwana washuke kidogo. Walikwenda mtaa wa tatu, mbele ya ghorofa jingine la vioo, saa saba mchana, akamsimamisha pale ambapo kioo kinarudisha jua barabarani. Akaanza kumuuliza habari za watoto. Yule bwana alijibu moja, alijibu mbili, jasho likamtiririka hadi kwenye kola, akasogea kwenye kivuli chembamba cha nguzo ya umeme. Mchoraji akamuuliza amehama kwa nini. Waliporudi, kioo kilianzia ghorofa ya kwanza, na sakafu ya juu ilitoka mbele mita mbili ikawafunika wapita njia. Lakini yule bwana hakumwamkia Mchoraji tena, na mradi uliofuata akaupeleka ofisi nyingine. Bosi alitukumbusha hilo mara nyingi.

Picha za kompyuta hazikumpendeza. Tulikuwa tunatengeneza zile za kumwonyesha mteja jengo likiwa limekamilika, na programu inakuja na watu wake tayari. Siku moja nilimpa aone moja, nikitegemea sifa. Akaitazama sana. Chini ya ghorofa letu la mtaa wa nyuma ya soko palikuwa na Wazungu sita wamevaa makoti, mmoja amefunga skafu, mwingine anatembeza mbwa. Akaniuliza hawa wanakaa mtaa gani. Nikasema ni mapambo tu, Mzee. Akasema kama ni mapambo niweke mtu anayesukuma mkokoteni wa maboksi, niangalie kama atapita. Niliweka kwa kumtania, nikachora na mkokoteni wenyewe kwa vipimo. Haukupita. Nguzo mbili zilikuwa zimekaribiana mno. Nilizihamisha siku hiyohiyo, na tangu hapo kwenye picha zangu hakuna Mzungu wala mbwa.

Kwao ni Kusini, na mimi ni wa Kaskazini, basi utani ulikuwa haukosi. Akiniona nakimbizana na kazi alisema Mchaga huyu anataka ghorofa liote leo alihamie Krismasi. Nami nikimwona amekaa na mstari mmoja tangu asubuhi nilimuuliza kama korosho zimechanua. Alicheka kwa pua tu. Huo ndio ulikuwa upendo wake, na mimi nilijua.

Jambo lililonishangaza kuliko yote nililigundua mwaka wa pili, nilipotumwa kumpelekea karatasi nyumbani Buguruni. Nilitegemea kukuta kibaraza, watu, kahawa. Nilikuta ukuta. Ukuta mrefu, vipande vya chupa juu, geti la chuma lisilo hata na tundu. Nilibisha mpaka vidole vikauma. Alifungua nusu, akapokea karatasi, akashukuru, akafunga. Mtu aliyewapigania watu wote wapate pa kukaa, mbele ya nyumba yake hapakai hata paka. Kesho yake nilishindwa kuvumilia nikamuuliza. Akasema mke wake hapendi watu wa kuchungulia, na yeye mwenyewe akitoka kazini hataki kuongea na mtu. Akaongeza kwamba daktari wa meno haachi kazi kwa sababu ana pengo.

Mara moja tu alinieleza kilichomfanya awe hivyo. Alipokuja mjini alipanga chumba kwenye nyumba ya Kiswahili hapo Kariakoo, vyumba sita na ukumbi katikati, choo uani. Hakuwa na kazi wala ndugu. Jioni alikaa kibarazani kwa sababu chumbani palikuwa na joto. Wazee walicheza bao, naye akawachorea bao lao kwenye karatasi apitishe muda. Mpita njia akaona ule mchoro, akamuuliza kama anaweza kupiga mstari ulionyooka. Hivyo ndivyo alivyopata kazi. Aliniambia kwamba kama nyumba ile ingekuwa na ukuta na geti, angerudi kwao baada ya mwezi. Aliyasema hayo huku anachonga penseli, kisha akanituma nikamletee chai ya tangawizi.

Sasa nifike pale ninapopaogopa.

Kulikuwa na nyumba ya namna hiyohiyo, ya mwisho kwenye mtaa wake, pande zote imezungukwa na maghorofa. Mwenyewe alikuwa bibi mmoja, mjane, na mtaa mzima ulimwita Bibi tu. Alikaa kibarazani kwake tangu alfajiri baada ya swala hadi adhuhuri, akiwa na kipepeo cha ukili cha kujipepea, na hakuna jambo lililopita mtaa ule bila yeye kulijua. Nani amejifungua, nani ameachika, mtoto wa nani hakwenda shule. Watoto wake walishakubaliana na mwekezaji: atavunja, atajenga ghorofa kumi na mbili, familia itapewa nyumba kadhaa juu, na yeye atachukua zilizobaki na maduka. Mambo ya kawaida Kariakoo. Aliyekataa ni Bibi. Alisema hawezi kwenda kukaa juu kama njiwa, na karatasi hakuitia saini.

Bosi akamtuma Mchoraji kupima ploti. Alikaa siku tatu, safari hii si ng'ambo ya barabara. Alikaa kibarazani, karibu na Bibi. Sijui waliongea nini. Siku ya tatu nilikuwepo, nimeshika ncha ya futi. Alipanga tofali, Bibi akakaa, akainuka, akakaa tena, akasema ishushe kidogo, mimi mfupi. Akaishusha. Ndipo Mchoraji akamwambia, "Bibi, ukishuka na lifti, hatua nane utakuwa umefika kwenye kibaraza chako. Mimi nakuahidi." Kesho yake akatia saini. Ni kwa ajili ya neno hilo tu, na mimi nililisikia kwa masikio yangu.

Mchoro ukatoka mzuri sana, nami nikaunakili kwenye kompyuta. Kibaraza kirefu upande wa kulia wa mlango, kivuli juu yake, maduka yameanzia kushoto. Kisha Mchoraji akafiwa na kaka yake, akasafiri kwao Kusini. Wiki hiyohiyo mwekezaji akaja ofisini na kusema pale penye kibaraza pangetoka fremu mbili za duka, na kwamba Kariakoo hakuna mwenye akili timamu anayeacha mbele ya jengo watu wakae bure. Asiyekuwepo na lake halipo. Bosi akanigeukia mimi. Akasema hiyo ni kazi ya nusu saa, na kwamba jengo litakalofuata nitaliongoza mwenyewe.

Ningeweza kumpigia simu. Namba yake nilikuwa nayo. Ningeweza kusema tusubiri arudi, kaka wa mtu hafi kila siku. Nilijiambia kwamba ni kibaraza tu, mjini vimebaki vingapi, na Bibi atapewa nyumba yenye upepo mzuri kuliko huu wa vumbi. Kwa kweli nilitaka lile jengo la kuliongoza. Nilikichagua kile kibaraza kwenye kompyuta, nikabonyeza, kikatoweka. Hapakuwa na haja ya wembe. Nikachora fremu mbili na milango ya kukunja, nikainua ngazi tatu kwa ajili ya maji ya mvua, na kabla ya saa sita michoro ilikuwa imeshapelekwa kuombewa kibali.

Aliporudi, siku ya kwanza aliikuta nakala mezani. Aliuliza, kwa sauti yake ya kawaida, mchoro huu umerekebishwa na nani. Bosi akasema tumeurekebisha kidogo, Mzee, mteja alitaka. Alisema tumeurekebisha. Mimi nilikuwa nimekaa mita mbili kutoka pale, macho kwenye kompyuta, mkono juu ya kipanya, sioni hata ninachokifanya. Faili lile lilikuwa kwangu peke yangu na yeye alilijua hilo. Hakunigeukia. Aliikunja ile nakala, akaiweka ndani ya begi lake, akachonga penseli zake tatu. Baada ya mwezi mmoja aliaga, akasema macho yamechoka.

Jengo nililoahidiwa nilipewa. Likafuata jingine, na mwisho nikafungua ofisi yangu. Nikajifunza njia za kuingia Kariakoo bila kupita mtaa wa Bibi, na ukiniuliza nazijua zote, za kutokea Gerezani na za kutokea Mnazi Mmoja. Kila jengo nililochora niliweka kibaraza. Nilipigana na wawekezaji, nilipoteza wateja, vijana wangu wakanisema kwamba bosi ana kichaa cha vibaraza. Nilikuwa najidanganya kwamba nalipa kidogokidogo. Lakini kumtafuta nilishindwa. Ningefika kwenye lile geti la Buguruni niseme nini?

Jumapili moja mwaka huu nilitoka ibada ya kwanza, nikaamua kwenda kuangalia ploti mpya ya mteja. Jumapili maduka mengi yamefungwa, mtaa unaonekana. Walikuwa wamefukua barabara kutengeneza mitaro, njia yangu yote imezibwa, mlinzi akanielekeza nizunguke kulia. Nikazunguka. Nilipoinua macho nilikuwa mtaa wa Bibi, mbele ya ghorofa lenyewe, na mbele ya zile fremu mbili zilizofungwa, chini ya ngazi zangu tatu, palikuwa na viti viwili vya plastiki.

Kimoja alikikalia Bibi, amekuwa mdogo kama mtoto, kanga mbili, kipepeo mkononi. Kingine alikikalia Mchoraji. Amezeeka. Kofia ni ileile au ndugu yake. Miguu imevimba kwenye makubazi, na fimbo ameiegemeza ukutani.

Nikawaamkia. Bibi akaitikia marahaba, akaniuliza mimi ni wa nani. Kabla sijajibu, Mchoraji akasema huyu tulikuwa naye ofisini zamani. Akaishia hapo. Bibi akafurahi, alikuwa amepata mtu wa kumsimulia. Akanielekezea Mchoraji kwa kile kipepeo.

"Basi kama mlikuwa pamoja unamjua alivyo. Huyu ndiye aliyenifutia kibaraza changu. Aliniahidi kwa mdomo wake, akanipima goti, halafu akachora maduka. Mwaka mzima sikushuka, nishuke nikakae wapi? Akaja mwenyewe kubisha hodi huko juu. Nikamtukana, akasikiliza. Jumapili iliyofuata akaja tena na viti hivi. Mpaka leo, kila Jumapili anatoka Buguruni kuja kunishusha. Nimeshamsamehe, ila kumsema sijaacha."

Mchoraji alikuwa anaangalia barabara. Hakuitikia wala hakukanusha. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka. Miaka sita mtu huyu alikaa kwenye kiti cha plastiki akisemwa kwa kosa langu, na hakuwahi kufungua mdomo. Na hata sasa alikuwa ameniachia njia. Ningeweza kucheka kidogo, nikawatakia Jumapili njema, nikaenda zangu kwenye ploti yangu. Asingenifuata. Nilijua kabisa kwamba asingenifuata.

Nikachuchumaa mbele ya Bibi ili anisikie vizuri.

"Bibi, si yeye. Ni mimi niliyekifuta. Yeye alikuwa msibani, na aliporudi sikumwambia."

Kipepeo kikasimama. Bibi alinitazama mimi, kisha akamgeukia mwenzake. Alipoongea alimwambia yeye, si mimi.

"Na wewe miaka yote hii nakutukana, umekaa kimya?"

"Ahadi niliitoa mimi," akasema Mchoraji.

Bibi akatikisa kichwa. Aliniuliza jina langu, nikamwambia. Akaniuliza kama nimeolewa, nina watoto wangapi, nasali wapi, na ibada huisha saa ngapi. Nilijibu yote kama mwanafunzi. Machozi yalikuwa yananitoka na sikuyafuta, kwa sababu hakuna aliyeonekana kuyajali.

"Lifti ya humu korofi," akasema mwishowe. "Inabidi uibonyeze mara mbili na uushikilie mlango, la sivyo inakubana. Mimi nakaa ya sita, mkono wa kushoto. Huyu magoti yake yamekwisha. Kuanzia Jumapili ijayo utakuja wewe."

Nikasema nitakuja. Mchoraji akanitazama kwa mara ya kwanza asubuhi ile, akaniuliza kama nimeshakunywa chai.